Tiki Kumi na Sita

Likizo fupi ya mwezi wa Aprili ilipoanza, Kokuberwa alidhani atapumzika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na aliishi na mama yake mtaani Hamugembe katika nyumba ya vyumba viwili yenye migomba michache nyuma. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja uliojaa majani yaliyoangushwa na mvua, kisha akamenya ndizi za mchana na kuziloweka kwenye sufuria zisigeuke rangi. Likizo nyingine kazi ziliishia hapo. Safari hii, akishamaliza, alinawa miguu, akavaa viatu na kumfuata mama yake chuoni.

Mama yake, Annastella, alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja kidogo mjini Bukoba. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, nao ulikuwa unakaribia kwisha. Mwezi ule mwenzake wa kazi alianguka na bodaboda akavunjika mguu, na maabara mpya ya mitandao ya kompyuta ilitakiwa iwe tayari Jumatatu. Kazi ya watu wawili ikabaki kwa mtu mmoja.

"Ana mikono myepesi," Annastella alimwambia Mwalimu Mwesiga, mhadhiri wa somo la mitandao, alipomwomba ruhusa ya kuja na binti yake. "Na nikimwacha nyumbani peke yake, hapa nitafanya kazi nusu, nusu nitakuwa namwaza yeye."

Mwalimu Mwesiga alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, maana yeye naye alikuwa akiandaa maabara na mitihani kwa wakati mmoja. "Mradi asiguse umeme," alisema.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Sasa kilikuwa na meza kumi na mbili, na juu ya kila meza kulikuwa na kompyuta mbili na swichi ndogo, yaani kile kisanduku chenye matundu ambacho huunganisha kompyuta ili ziweze kuzungumza. Kwa miaka yote wanafunzi wa somo lile walijifunza kwa kuchora. Walichora kompyuta, wakachora swichi, wakachora mistari katikati. Wengine walihitimu bila kushika kebo ya mtandao hata siku moja.

Kebo zilizoagizwa hazikuwa zimefika. Kilichokuwepo ni boksi kubwa la waya mrefu wa buluu na mfuko wa vichwa vidogo vya plastiki. Zilitakiwa kebo sitini: nne kwa kila meza, na kumi na mbili za akiba. Zote ilibidi zitengenezwe kwa mkono.

Mama alimwelekeza mara moja tu, polepole. "Unamenya ganda la nje, hivi. Ndani kuna nyuzi nane, kila moja na rangi yake. Unazinyoosha, unazipanga kwa mfuatano ulio kwenye karatasi hii. Uzi mmoja ukikosea nafasi, kebo nzima haifai. Unazikata ziwe sawa, unaziingiza kwenye kichwa, halafu unabana kwa koleo hili mpaka usikie mlio."

Kokuberwa alijifunza upesi. Siku ya kwanza alitengeneza kebo tatu na kuharibu tano. Siku ya pili alitengeneza tisa. Ncha za vidole zilimuuma kama mtu aliyechambua mawe kwenye mchele siku nzima, lakini alifurahi kuona kebo zikiongezeka.

Kebo ikishatengenezwa ilipimwa. Mama alikuwa na kisanduku kidogo kinachoitwa testa. Ulichomeka ncha mbili za kebo, na taa nane zikawaka moja baada ya nyingine. Kisha uliitikisa kebo kwenye kila kichwa na kuangalia taa tena, kwa sababu kuna kebo inayokubali ikiwa imetulia lakini ikiguswa inakata. Zikiwaka zote, ulibandika namba kwenye kebo na kutia tiki kwenye orodha iliyoandikwa juu yake: KEBO ZILIZOPIMWA.

"Orodha hii nitaiwekea sahihi yangu," Mama alimwambia. "Ukitia tiki wewe, nimetia mimi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama alishinda juu ya ngazi akipitisha waya darini, akishuka tu kunyoosha mgongo. Kebo zote sitini zilikuwa zimetengenezwa, nyingine na Mama, nyingi na Kokuberwa. Arobaini na moja zilikuwa zimepimwa. Zilibaki kumi na tisa, na saa ilikuwa inakaribia kumi na moja jioni.

Kokuberwa alipima ya arobaini na mbili. Taa nane. Ya arobaini na tatu, taa nane. Ya arobaini na nne, vilevile. Alichoka. Haukuwa uchovu wa kusinzia, bali ule wa kukereka, ambao kitu chochote ukikishika unakiona kizito. Shingo ilimuuma. Tumbo lilikuwa tupu. Huko darini alisikia Mama akikohoa vumbi.

Alilitazama lile lundo la kebo zilizobaki. Zilikuwa zinafanana na zile alizopima. Mikono iliyozitengeneza ni ileile. Kama tatu zimekubali, hizi nyingine zitakataa kwa nini?

Alibandika namba, kuanzia arobaini na tano hadi sitini. Kisha akachukua kalamu na kutia tiki kumi na sita, moja chini ya nyingine. Haikumchukua hata dakika tano.

Mama alishuka, nywele zimejaa utando wa buibui. "Umemaliza zote?"

"Ndiyo, Mama."

"Umezipima zote?"

"Ndiyo."

Annastella alichukua orodha, akaweka sahihi chini yake bila hata kukaa. "Ahsante, mwanangu. Sijui ningefanyaje bila wewe." Walirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Njia nzima Kokuberwa alitembea akitazama madimbwi, na Mama alidhani ni kuchoka tu.

Jumatatu walifika chuoni mapema. Mtihani wa vitendo ulipangwa kuanza saa tatu, na saa mbili kasoro tayari kulikuwa na mwanafunzi mmoja amekaa kwenye benchi la korido, begi mapajani, macho yamemvimba. Aliitwa Alistidia. Alikuwa ametoka Kamachumu, wilayani Muleba, kwa gari la kwanza, kwa sababu wiki nzima alikuwa akimuuguza baba yake.

"Shikamoo, dada," Kokuberwa alimsalimu.

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa fundi?" Alistidia alifungua karatasi yenye buni, zile punje za kahawa za kutafuna, akamtilia chache kiganjani. "Tafuna. Mimi bila hizi nitalala mezani." Kisha akaongeza, kama anayejisemea mwenyewe, "Na leo siwezi kulala. Nilikosa jaribio la kwanza, Baba alipolazwa. Hili la leo nikilikosa, somo lote narudia mwakani. Na mwakani sijui nyumbani kutakuwaje."

Saa tatu kundi la kwanza liliingia, wanafunzi kumi na wawili, mmoja kwa kila meza. Walizigusa swichi kwa vidole kama watu wanaokagua nguo dukani. Mwanafunzi mmoja mcheshi aliyeitwa Lameki alisema, "Miaka miwili nakuchora, leo tumeonana," na chumba kizima kikacheka.

Mwalimu Mwesiga aligonga meza. "Mna saa moja na nusu. Unganisha kompyuta zako mbili kwenye swichi, zipe anwani, halafu zifanye zizungumze. Vifaa vyote vimepimwa, orodha ile pale ukutani. Kwa hiyo mambo yakigoma, tafuta kosa kwenye kazi yako."

Kokuberwa, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, aliposikia maneno yale aliacha kutafuna.

Meza ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa, ilikuwa ya Alistidia. Ilikuwa na kebo nne: arobaini na tano, arobaini na sita, arobaini na saba na arobaini na nane.

Nusu saa ya kwanza Alistidia alifanya kazi kwa utulivu. Aliunganisha, akaandika anwani, akajaribu. Taa ya kwenye swichi iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Kompyuta ya kwanza iliita, ya pili haikujibu. Alirudia kusoma alichoandika. Alijaribu tena. Mara ikajibu, mara ikanyamaza.

Alinyoosha mkono. "Waitu Mwalimu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "labda kebo hii ina tatizo?"

Mwalimu Mwesiga alikuwa meza ya tatu akimsaidia mwingine. Aligeuka, akatazama orodha ukutani. "Namba ngapi?"

"Arobaini na saba."

"Imepimwa. Angalia anwani zako upya."

Alistidia akashusha mkono. Kokuberwa alimwona akizifuta anwani alizoandika na kuandika nyingine. Kisha akazifuta hizo pia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa sahihi, lakini hakuiamini tena. Alifungua daftari, akageuza kurasa haraka haraka. Jasho lilimtoka puani. Lameki alimaliza, akatoka akisugua mikono kwa furaha. Wengine wakafuata. Zilibaki dakika ishirini na tano.

Kokuberwa alitaka mtu mwingine agundue. Alitazama swichi, akatazama mgongo wa Mwalimu, akaomba kimoyomoyo ageuke, akaone ile taa inavyopepesa. Mwalimu hakugeuka. Ndipo alipoona Alistidia ameweka kalamu chini na kujishika kichwa kwa mikono miwili, macho yake hayatazami tena kitu chochote.

Kokuberwa alitoka nje. Mama alikuwa kwenye korido, amepiga magoti, anapanga vifaa vya kundi la pili.

"Mama."

"Nini tena?"

"Kebo ya arobaini na saba sikuipima."

Annastella aliacha alichokuwa anafanya. "Uliniambia umezipima zote."

"Nilikudanganya. Kuanzia arobaini na tano mpaka sitini, nilitia tiki tu."

"Kumi na sita?"

Kokuberwa alitikisa kichwa kukubali. Alitegemea kofi, au sauti kali. Badala yake Mama alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali na kuambiwa bado kuna kilima. Uso wake ulionekana wa mtu mzima zaidi kuliko jana.

"Sahihi ni yangu," alisema polepole. "Na mkataba wangu wiki ijayo wanaujadili."

"Mama, nisamehe. Tunaweza kuibadilisha tu hiyo kebo bila kusema..."

"Huyo binti dakika zake nani atamrudishia tukinyamaza?" Mama alijishika ukuta akainuka. "Nenda ukamwambie Mwalimu. Wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Kutoka mlangoni hadi meza ya tatu zilikuwa hatua kumi hivi, lakini Kokuberwa aliziona ndefu. Wanafunzi watano waliobaki waliinua vichwa.

"Mwalimu, ile kebo haikupimwa," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Ya arobaini na saba. Mimi ndiye niliyetia tiki bila kupima. Na nyingine kumi na tano."

Mwalimu Mwesiga alimtazama yeye, kisha Annastella aliyesimama nyuma yake. Alikwenda meza ya kumi na mbili, akachomoa kebo na kuichomeka kwenye testa. Taa ziliwaka zote nane. Akaitikisa kidogo karibu na kichwa. Taa ya tatu ikazima, ikawaka, ikazima.

Alistidia alianza kucheka kicheko kisicho na furaha, kisha akafunika uso kwa leso.

"Kwa hiyo sikukosea," alisema ndani ya leso. "Mwalimu, mimi niliandika vizuri mwanzoni. Nikafuta."

"Nimeona." Mwalimu Mwesiga alivuta pumzi ndefu. "Na mimi nimekosea. Uliniuliza juu ya kebo, nikakujibu kwa karatasi. Nilitakiwa nije nishike kebo yenyewe." Akawageukia wengine. "Wanne mliobaki, malizeni, kebo zenu zipo katika zile zilizopimwa. Kundi la pili litaingia saa nane. Alistidia utaanza upya nalo, dakika zako zote tisini. Nenda ukale."

Nje, kundi la pili lilinung'unika kusikia mtihani umesogezwa. Mmoja alikuwa amepanga kuwahi gari la mchana. Kokuberwa alisikia kila neno, akainamisha kichwa.

"Tupime hizo kumi na sita upesi, Mama," alisema wanafunzi walipotoka.

"Sitini," Mama alijibu.

"Lakini zile arobaini na nne tulizipima kweli!"

"Najua. Lakini Mwalimu hajui, na wanafunzi hawajui. Tiki zote kwenye karatasi zinafanana. Wakishajua kumi na sita ni za uongo, hizo nyingine nazo hazina maana tena." Mama alibandua orodha ukutani, akaikunja, akachukua karatasi nyeupe. "Namba moja. Lete."

Walipima kwa saa mbili na zaidi. Chomeka, tazama taa, tikisa huku, tikisa kule, andika. Mvua ilianza tena, na harufu ya udongo ikaingia dirishani. Mara kwa mara Mama alifumba macho kidogo, kisha akanyoosha mkono kupokea kebo inayofuata. Katika zile kumi na sita zilipatikana mbovu tatu. Ilipatikana mbovu nyingine pia, namba kumi na mbili, ambayo Mama mwenyewe aliitengeneza na kuipima Jumatano. Kichwa chake kilikuwa kimelegea.

"Hii nayo unaiandika?" Kokuberwa aliuliza.

"Nisipoiandika, nitakuwa nimekwambia nini tangu asubuhi?" Mama aliandika: *Namba 12, mbovu, kazi ya Annastella.* Wakakata vichwa vinne, wakatengeneza upya, wakapima tena.

Saa nane Alistidia alirudi, amenawa uso. Kabla hajaingia, Kokuberwa alimsogelea.

"Dada, nisamehe."

Alistidia alisimama mlangoni. Hakutabasamu. "Unajua nilichokuwa nawaza pale mezani? Niliwaza kwamba pengine mimi sina akili ya kusoma haya mambo. Kwamba nirudi tu Muleba nikalime." Alirekebisha mkanda wa begi. "Nimekusamehe. Lakini usimfanyie mtu mwingine hivyo."

Aliketi meza ya kumi na mbili. Aliunganisha, akaandika zile anwani zake za mwanzo, akabonyeza. Kompyuta ya kwanza ikaita, ya pili ikajibu. Alirudia mara tatu ili ahakikishe, kisha akamwita Mwalimu Mwesiga. Mwalimu aliinama, akasoma kioo cha kompyuta, akaandika alama kwenye fomu yake. "Dakika thelathini na nne," alisema. "Safi sana. Wahi gari lako, umsalimie mzee." Alistidia alitoka karibu kukimbia.

Wengine walipoondoka, Mwalimu Mwesiga alibaki na orodha mpya mkononi. Aliisoma yote, mpaka ule mstari wa namba kumi na mbili.

"Annastella, kosa hili nitaliandika kwenye taarifa yangu. Siwezi kuliacha."

"Sikutegemea uliache, Mwalimu."

"Nitaandika pia limejulikana namna gani, na nani alilisema. Mkataba si mimi ninayeamua peke yangu. Lakini nikiulizwa ni nani wa kumwachia funguo za maabara hii, jina ninalo." Akamgeukia Kokuberwa. "Na wewe, leo umenipotezea nusu siku. Ungekaa kimya, ungenipotezea mwanafunzi."

Jioni walirudi nyumbani taratibu. Mama alisimama mara mbili kupumzisha miguu. Walipofika aliketi kizingitini, hakuvua hata viatu, na Kokuberwa akamletea maji ya kunywa.

"Ijumaa ile ulichoka?" Mama aliuliza.

"Nilichoka sana."

"Basi sikiliza. Kuchoka si kosa. Mimi mwenyewe nilichoka, kichwa cha namba kumi na mbili kikanishinda. Ungeniita pale chini ya ngazi ukaniambia, 'Mama, zimebaki kumi na sita, siwezi tena,' ningeandika zimebaki kumi na sita, tukaenda zetu kulala. Leo asubuhi tungezimaliza kwa nusu saa. Kosa ni kuandika kwamba kazi imefanyika wakati haijafanyika. Mtu usiyemjua ataisoma karatasi yako, ataiamini, na ikimwangusha atajilaumu yeye. Kazi isiyokwisha, iseme kuwa haijaisha. Hakuna atakayekuchukia kwa hilo."

"Na kama mtu atanikasirikia?"

"Atakasirika, halafu atakusaidia kuimaliza." Mama alikunywa maji yote, akamrudishia kikombe. "Leo mimi sina nguvu ya kupika."

Kokuberwa alizitazama ndizi ndani ya sufuria, akatazama na mikono yake yenye vidole vilivyochubuka.

"Na mimi sina, Mama," alisema.

Annastella akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Vizuri. Umesema kweli. Haya, tupike pamoja, wewe washa moto."